Mapafu Yapo, Mashindano Hayapo

Nairobi imeinama. Upande wa magharibi, kuelekea Limuru, ni vilima vya udongo mwekundu, mashamba ya chai na baridi ya asubuhi. Kuanzia hapo ardhi inashuka, inapita katikati ya mji, kisha inajilaza kwenye tambarare ya udongo mweusi ule unaonata kwenye viatu mvua inaponyesha. Tambarare hiyo ndiyo Eastlands: Pumwani, Kaloleni, Makadara, Buruburu, Umoja, Dandora, Kayole.

Ukimuuliza mkufunzi yeyote wa mbio za baiskeli za barabarani anahitaji nini, atakutajia mahali palipo juu sana ya usawa wa bahari, barabara ndefu zilizonyooka na upepo wa kufundishia watu kujificha nyuma ya wenzao. Eastlands iko takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Barabara ya Kangundo imenyooka, na upepo wa nyika ya Athi haumwonei mtu huruma. Hata hivyo, wanawake wa ukanda wetu ambao majina yao yamefika kwenye mbio kubwa za Ulaya na Amerika wametoka Rwamagana, Tigray na Eritrea. Kwa nini mitaa hii yenye vijana wengi kuliko viwanja ilichelewa? Watu wengi huanza kujibu kwa kutaja umaskini. Mimi naanzia kwenye vitanda.

Mji wa vitanda vya wanaume, 1921–1963

Serikali ya kikoloni ilipoanzisha Pumwani mwanzoni mwa miaka ya 1920, haikuwa ikijenga mji wa familia. Ilitaka mahali pa kumlaza kibarua. Ndivyo zilivyopangwa pia nyumba za reli za Muthurwa na baadaye Makongeni, na mabweni mengi ya halmashauri: chumba kimoja, wanaume kadhaa, kila mmoja na kitanda chake. Mshahara ulipigiwa hesabu ya mwanamume asiye na mke mjini, maana mke alidhaniwa yuko kijijini akilima. Kaloleni, iliyojengwa katika miaka ya 1940, ilikuwa mojawapo ya mitaa ya kwanza kumfikiria Mwafrika kama mtu mwenye watoto.

Baiskeli iliingia katika mji huo ikifuata mshahara. Raleigh nyeusi kutoka Nottingham ilikuwa mali ya karani, ya mpishi wa mzungu, ya fundi wa reli. Alfajiri wanaume walitoka Shauri Moyo na Bahati wakaingia Barabara ya Doonholm, ambayo leo ni Jogoo Road, wakielekea viwandani na karakana za reli. Umbo la baiskeli lenyewe lilimtaja mwenye nayo. Bomba la juu lilitoka chini ya kiti hadi kwenye usukani, kimo cha kiuno, na mwenye sketi au kanga hakuweza kurusha mguu juu yake bila mtaa mzima kugeuka kutazama. Nyuma kulikuwa na keria ya chuma, na mahali pa mwanamke palikuwa hapo: akae upande, miguu pamoja, mkono mmoja umeshika kiti.

Asije mtu akasema wanawake wa Eastlands hawakuwa na pesa. Katika Pumwani na Pangani ya zamani walikuwapo wanawake wengi waliomiliki nyumba na kukusanya kodi za pango, baadhi yao wakiwa na mali kuliko wapangaji wao. Pesa ya kununua Raleigh walikuwa nayo. Walichokosa ni safari ya kuitumia: kazi zilizolipa mshahara wa mwezi na kumtaka mtu awe langoni saa moja asubuhi zilikuwa za wanaume. Baiskeli haikuwa mchezo, ilikuwa kifaa cha kazi, na kifaa cha kazi humfuata mwenye kazi. Baada ya msako wa Aprili 1954 uliofagia makumi ya maelfu ya watu kutoka mitaa hii kwa jina la kupambana na Mau Mau, hata mwanamume mwenye baiskeli alihesabiwa hatua zake. Mwanamke asiye na karatasi alirudishwa kijijini.

Reims, 1958

Huko Ulaya nako mlango haukuwa wazi kama tunavyodhani. Wanaume walikuwa na mbio za dunia za barabarani tangu miaka ya 1920. Wanawake walisubiri hadi 1958, mjini Reims, Ufaransa, ambapo Elsy Jacobs wa Luxembourg alishinda. Olimpiki iliwakubali mwaka 1984, Los Angeles. Michezo ya Jumuiya ya Madola, ambayo ndiyo jukwaa la kawaida la wapanda baiskeli wa Kenya, iliwapa wanawake mbio za barabarani mwaka 1990, Auckland. Msichana aliyezaliwa Jericho mwaka wa uhuru angekuwa akikaribia miaka 27 kabla ya michezo hiyo kuwa na mbio ambazo angeweza hata kuziota.

Matatu yachukua barabara, 1973–1990

Baada ya uhuru mji ulipasuka kuelekea mashariki. Buruburu ilianza kujengwa miaka ya 1970 kwa ajili ya tabaka jipya la wenye mikopo ya nyumba. Umoja ilifuata. Dandora iligawiwa viwanja 6,000 kwa fedha za Benki ya Dunia, kila mtu ajenge mwenyewe pole pole. Ghafla watu waliishi kilomita kumi na zaidi kutoka kazini, umbali ambao kwa baiskeli si kitu, ni chini ya saa moja ya mtu asiye na haraka.

Lakini mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu zibebe abiria bila leseni maalum, na barabara zikachukuliwa. Aliyewahi kusimama mzunguko wa Donholm jioni anajua kilichofuata. Nganya, yaani matatu zenye michoro na muziki wa kutetemesha vioo hazimpishi mtu, na barabara zilijengwa bila ukingo wa baiskeli. Aliyebaki juu ya magurudumu mawili alikuwa muuza maziwa, muuza mkate, mbeba mitungi ya maji, wote wanaume, wote juu ya baiskeli nzito tulizoziita Black Mamba. Kufikia miaka ya 1980, mtoto wa Umoja alijifunza jambo ambalo bado linatusumbua: baiskeli ni ya mtu ambaye bado hajafaulu. Mzazi aliyejinyima ili binti asome hakutaka kumwona juu yake.

Somo la Mathare, 1987–1992

Hapa nitoke kidogo kwenye baiskeli, maana jirani alikuwa akitufundisha jambo tukidhani ni la mpira tu. Mwaka 1987 Bob Munro, Mkanada aliyekuwa akifanya kazi Nairobi, alisaidia kuanzisha chama cha michezo cha vijana wa Mathare, MYSA. Timu zilipata pointi za ligi kwa kushinda mechi, na pia kwa kuzoa taka mitaani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wasichana nao wakaingia.

Wasichana wa Mathare hawakuwa na viatu bora kuliko wa Buruburu, wala viwanja vya nyasi. Walichopewa ni ratiba. Kulikuwa na mechi wiki hii, wiki ijayo na wiki itakayofuata. Anayeshindwa leo anarudi Jumamosi. Katika miaka michache binti wa mtaa wa mabanda alikuwa amecheza mechi nyingi kuliko mwanafunzi wa shule ya kifahari. Uzoefu hauji kwa njia nyingine, na mbio za baiskeli za barabarani zinaudai kuliko mpira.

Mtu asiyeujua mchezo huu hudhani ni nguvu za miguu. Kwa kweli ni mchezo wa kundi. Anayekaa nyuma ya mwenzake kwa umbali wa kiganja huokoa kati ya robo na theluthi ya nguvu zake, kwa sababu wa mbele anampasulia upepo. Kwa hiyo watu mia moja na zaidi husongamana kwenye barabara ya mita sita, bega kwa bega, kwa kasi ya kilomita 45 kwa saa, na kila mmoja anatafuta mahali pake bila kugusa gurudumu la aliye mbele yake. Upepo ukivuma kutoka ubavuni, kundi hujipanga kimshazari, na aliyechelewa kuona anaachwa peke yake ukingoni. Ujuzi huo haufundishwi kwenye baiskeli ya mazoezi ndani ya nyumba, wala kwa kupanda peke yako hadi Kangundo na kurudi. Unahitaji mbio, tena nyingi, pamoja na watu wanaojua kuliko wewe.

Majaribio ya mapafu, 2006–2008

Kenya ilichelewa kulielewa hilo kwa sababu wakimbiaji wetu walikuwa wametuharibu kwa ushindi. Tuliamini mapafu yanatosha. Mpanda baiskeli David Kinjah alikuwa mjini Kikuyu, kwenye nyumba ndogo iliyojaa magurudumu, akiwafundisha vijana wa klabu yake, Safari Simbaz, na mmoja wa waliopita mikononi mwake alikuwa Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi wa mwaka 1985. Mwaka 2006 Froome alitaka kwenda mbio za dunia za vijana huko Salzburg. Kwa masimulizi yake mwenyewe, aliingia kwenye barua pepe ya shirikisho la Kenya akajiandikisha bila kumuuliza mtu, akaenda peke yake, na muda mfupi baada ya kuanza akamgonga ofisa wa mashindano. Watu hucheka kisa hiki. Mimi kinanikumbusha kwamba bingwa wa baadaye wa Tour de France mara nne alilazimika kujitengenezea mlango. Mwaka 2008 alianza kushindana kwa leseni ya Uingereza. Binti wa Kayole angejipatia wapi nauli ya Salzburg?

Mwaka huohuo wa 2008 mpiga picha wa Singapore, Nicholas Leong, aliwapeleka Wakenya wawili kupanda Alpe d'Huez, mlima maarufu wa Tour de France. Mmoja alikuwa mpiga viatu rangi, Zakayo Nderi. Mwingine, Samwel Mwangi, alikuwa wa boda boda. Nderi alifika juu kwa dakika 42 na kidogo, muda ambao mtaalamu wa Ulaya asingeuonea aibu. Kutokana na jaribio hilo ikazaliwa Kenyan Riders ya Iten. Mapafu yakawa yamethibitishwa. Lakini kupanda mlima peke yako ni kupimana na saa tu. Kundi lilibaki fumbo, na wanawake hawakuwemo hata kwenye jaribio.

Rwamagana hadi Richmond, 2009–2015

Rwanda ilishika njia nyingine. Mwaka 2009 Tour du Rwanda iliingia kwenye kalenda ya kimataifa, na nchi ndogo ya vilima ikawa na mbio kubwa kila mwaka zinazopita mbele ya milango ya watu. Mwaka 2014 kituo cha mazoezi cha Musanze kikafunguliwa, chini ya Jock Boyer, Mmarekani wa kwanza kushiriki Tour de France.

Jeanne d'Arc Girubuntu alizaliwa mwaka 1995 na akakulia upande wa Rwamagana, mashariki mwa Rwanda, ambako kulikuwa na klabu ya mtaani. Angalia mpangilio wake: kwanza mbio zinapita, kisha klabu iko, kisha kuna kituo cha taifa. Septemba 2015, akiwa na miaka 20, alisimama kwenye jukwaa la kuanzia mbio za dunia mjini Richmond, Marekani, kupimana na saa kwa karibu kilomita 30. Anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza mweusi kutoka Afrika kushiriki mbio za dunia za barabarani. Hakuwa karibu na washindi, wala hakuna aliyetarajia awe. Alikuwa amekimbia na wenye miaka kumi ya kundi miguuni mwao.

Wakenya tuliisoma habari hiyo kwa furaha ya jirani na wivu kidogo.

Tigray, Aigle, Nancy, 2018–2024

Ethiopia kaskazini na Eritrea zilirithi mbio za baiskeli kutoka kwa Waitaliano na kuzifanya zao. Miji ya Tigray ilikuwa na klabu na mbio za barabarani zilizofungiwa magari, na watazamaji wake walimjua kila mshiriki kwa jina. Huko ndiko alikotoka Eyeru Tesfoam Gebru, aliyezaliwa 1996. Kutoka nyumbani alichukuliwa hadi kituo cha dunia cha baiskeli huko Aigle, Uswisi, mahali ambapo chama cha kimataifa, UCI, huwaleta vijana wa nchi zenye mbio chache ili wapate zile ambazo nyumbani hazipo. Kwa mtu wa kwetu, Aigle ni kalenda: anakula, analala na wiki kwa wiki anaingizwa kwenye mashindano ya Ubelgiji, Ufaransa na Italia.

Novemba 2020 vita vikalipuka Tigray. Mwaka 2021 Gebru aliomba hifadhi Ufaransa na kuanza upya mjini Nancy. Alirudi kwenye baiskeli, akasajiliwa na timu ya huko, na Agosti 2024 alianza mbio za barabarani za Olimpiki ya Paris akiwa amevaa jezi ya timu ya wakimbizi. Miaka mitatu kabla, katika Olimpiki ya Tokyo, Mosana Debesay wa Eritrea na Selam Amha wa Ethiopia walikuwa wameshatangulia.

Mbio hizo za Paris zilikuwa za kilomita 158, na mshindi wake ananisaidia zaidi katika hoja hii kuliko Mwafrika yeyote. Kristen Faulkner wa Marekani alikuwa mpiga makasia aliyekuwa akifanya kazi ya uwekezaji New York. Mwaka 2017 alijiandikisha kwenye mafunzo ya wanawake wanaoanza baiskeli katika bustani ya Central Park. Miaka saba baadaye akapata dhahabu. Hakuanza utotoni. Alianza mahali penye mafunzo ya wanaoanza, klabu za wanaoendelea na mbio za wikendi za kila ngazi, katikati ya jiji. Kila ngazi ilikuwa na inayofuata.

Mshahara

Neno kuhusu pesa, maana kazi isiyolipa ni burudani. Hadi 2020 timu za juu za wanawake hazikuwa na kima cha chini cha mshahara. Mwaka huo UCI iliweka euro 15,000 kwa mwaka, na kufikia 2023 kilikuwa kimepanda hadi euro 32,102. Timu za ngazi ya chini kabisa, ambazo ndizo msichana wa Afrika huanzia, haziko chini ya sharti hilo. Wakati huohuo baiskeli moja ya ushindani wa juu inaweza kupita shilingi milioni 1 za Kenya. Mama wa Dandora anayesikia hesabu hiyo anauliza swali la haki kabisa: na nauli je?

Changarawe, 2021–2022

Wakati barabara za lami za Ulaya zilikuwa zimefungwa kwa gharama na viza, njia ikafunguka kwenye vumbi. Suleiman Kangangi, Mkenya aliyeshika nafasi ya tatu Tour du Rwanda ya 2017 na kukimbia miaka kadhaa na timu ya Bike Aid ya Ujerumani, alishirikiana na wenzake kuanzisha Team Amani. Wazo lao lilikuwa rahisi na mimi nalihesabu kuwa la maana kuliko yote yaliyojaribiwa Kenya: badala ya kuwapeleka Waafrika kwenye mbio, lete mbio. Juni 2021 Migration Gravel Race ikafanyika Maasai Mara, siku nne, kilomita 650 hivi za changarawe, na wataalamu wa Ulaya na Marekani ndio waliolazimika kuomba viza.

Katika mbio za changarawe kundi hutawanyika mapema, na aliyekosa shule ya kundi hapungukiwi sana. Nancy Akinyi wa Kenya na Xaveline Nirere wa Rwanda walivaa jezi ya Amani, na kwa mara ya kwanza Mkenya wa kike alikuwa na timu yenye mbio nyumbani na ng'ambo. Kisha tarehe 27 Agosti 2022 Kangangi alianguka kwa kasi kwenye mbio za Vermont Overland, Marekani, akafariki. Alikuwa na miaka 33. Timu iliendelea.

Nairobi nayo ilikuwa ikibadilika kwa hatua za kobe. Sera ya kaunti ya 2015 iliahidi asilimia 20 ya bajeti ya barabara kwa waenda kwa miguu na baiskeli, na upanuzi wa Outer Ring Road ukaiachia Eastlands njia za kando. Njia hizo sasa zina vibanda vya viazi, mitumba na pikipiki zinazokwepa foleni. Siwalaumu wenye vibanda. Mji haukuwapa mahali pengine.

Kigali 2025 na baadaye

Septemba 2025 mbio za dunia zilifika Afrika kwa mara ya kwanza, Kigali. Miezi michache kabla, Kim Le Court wa Mauritius alikuwa ameshinda Liège–Bastogne–Liège, kisha akawa Mwafrika wa kwanza kuvaa jezi ya njano ya Tour de France ya wanawake. Kwa hiyo hakuna aliyeshangaa kumwona Mwafrika miongoni mwa wanaoogopwa. Mbio za wanawake zilikuwa za kilomita 164.6, na Magdeleine Vallieres wa Kanada akashinda. Mwaka huo pia wanawake walio chini ya miaka 23 walipewa mbio zao wenyewe za dunia, badala ya kuchanganywa na wakubwa. Kwa wasichana wa kwetu hilo ni kubwa kuliko ushindi wowote wa wiki ile: sasa kuna ngazi kati ya shule na ukubwa.

Kinachofuata kwa Kenya ni kigumu. Michezo ya Jumuiya ya Madola, iliyopangwa kufanyika Glasgow Julai 2026, imepunguzwa hadi michezo kumi ili kuokoa gharama, na baiskeli imebakizwa ya uwanja wa ndani tu. Mbio za barabarani, zilizompeleka Kinjah mji huohuo mwaka 2014, zimefutwa. Kenya haina uwanja wa ndani wa baiskeli, si Eastlands wala kwingineko.